Mkeka na Majani: Ziara ya Kriketi ya Afrika Mashariki, 1975

Juni 1975 wachezaji 14 walikwenda Uingereza kucheza Kombe la Dunia la kwanza la kriketi ya wanaume. Jezi yao haikuwa ya nchi moja. Walitoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakaitwa Afrika Mashariki, na nahodha wao alikuwa Harilal Shah wa Kenya. Tanzania iliwakilishwa na Praful Mehta na Shiraz Sumar. Walicheza mechi tatu, wakapoteza zote. Wengi wanaoikumbuka ziara hiyo huishia hapo, nami naona hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu namna walivyopoteza inaeleza kwa nini hadi leo kijana wa Ruaruke, kule Kibiti, anaweza kumaliza shule bila kulishika gongo la kriketi.

Wakati huo kila timu ilipewa ova 60, na ova moja ni mipira sita. Kwenye mechi ya kwanza, Birmingham, New Zealand ilipata mikimbio 309. Glenn Turner alifungua zamu, akabaki uwanjani mpaka mpira wa mwisho, na mikimbio 171 ilikuwa yake peke yake. Afrika Mashariki nayo ilimaliza ova zake 60 ikiwa na wiketi mbili mkononi, yaani wapigaji wake hawakutolewa wote, lakini mikimbio ilikuwa 128 tu. Siku nne baadaye, Leeds, India iliwatoa wote kwa mikimbio 120, kisha ikaifikia na kuipita bila kupoteza wiketi hata moja. Mechi ya mwisho Uingereza ilipata 290, wetu wakatolewa kwa 94.

Tazama mechi ya India kwa karibu. Bishan Bedi alirusha ova 12, yaani mipira 72, akatoa mikimbio sita tu. Ova nane kati ya hizo hazikuzaa mkimbio hata mmoja. Bedi hakuwa mrushaji wa kasi. Mpira wake ulikuja polepole, ukizunguka, na ukatua pale pale alipotaka. Mpigaji aliuona vizuri, akauheshimu, akauzuia. Hao hawakuwa watu walioogopa wakatolewa harakaharaka. Waliweza kujilinda, wasiweze kushambulia.

Sababu moja ilikuwa chini ya miguu yao. Viwanja vingi vya kriketi Afrika Mashariki vilitandikwa mkeka kwenye kile kipande cha katikati, chenye urefu wa mita 20 hivi, ambako mpira hudundia. Mikeka ya aina hiyo husukwa kwa nyuzi za makumbi ya nazi au za juti, na mtu wa pwani aliyewahi kuona makumbi yakifukiwa matopeni, yakapondwa na kusokotwa kamba, anajua nyuzi zile zilivyo ngumu na zinavyokwaruza. Juu ya mkeka uliovutwa sawasawa, mpira hudunda kwa namna ile ile leo na kesho. Mpigaji huzoea. Uingereza mpira hudundia kwenye udongo na majani, na unaweza kugonga kwa mshono wake ukakata kona ghafla. Katika ile mechi ya mwisho John Snow, mrushaji wa kasi wa Uingereza, alipata wiketi nne kwa mikimbio 11.

Lakini mkeka haumwelezi Bedi. Bedi na Turner walikuwa wakilipwa na klabu za kaunti Uingereza na kucheza karibu kila siku msimu mzima. Wetu walikuwa watu wenye kazi zao, kriketi ni ya mwisho wa wiki, na waliokutana nao kila wiki ni wale wale, kwenye klabu zile zile za mjini. Hapo ndipo ninapoiona sababu kubwa zaidi: mchezo ulikuwa mwembamba. Kwa sehemu kubwa uliishi katika klabu za jamii zenye asili ya Asia na za Wazungu. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, kriketi ya Uganda ilipoteza wachezaji wengi kwa mpigo. Tanzania nayo, baada ya majumba kutaifishwa mwaka 1971, familia nyingi za Kiasia zilihama.

Hata hivyo Uganda ilikuwa na kitu ambacho sisi Tanzania hatukuwa nacho kwa kiasi hicho: mchezo ulishaingia katika baadhi ya shule za bweni. Kikosi cha 1975 kilikuwa na Sam Walusimbi na John Nagenda, yule mwandishi, wote Waganda. Ninaamini shule hizo ndizo zilizobeba mchezo klabu zilipopungukiwa. Mwaka 2024 Uganda ilicheza Kombe la Dunia la ova 20 katika visiwa vya Karibi na Marekani, ikaifunga Papua New Guinea. Frank Nsubuga, akiwa na miaka 43, alirusha ova nne, akatoa mikimbio minne, akachukua wiketi mbili. Ndiyo, West Indies iliwatoa kwa mikimbio 39. Lakini walikwenda kama Uganda.

Tanzania ilijiunga na baraza la kriketi la dunia kama mwanachama kwa jina lake yenyewe mwaka 2001. Vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la 2026 nchini Zimbabwe na Namibia, wakapangwa na West Indies, Afrika Kusini na Afghanistan. Ni hatua kubwa, na nimeifurahia sana. Ila viwanja vingi na makocha wengi bado wako Dar es Salaam.

Ruaruke haihitaji uwanja wa kifahari. Inahitaji kipande cha saruji chenye mkeka, kiwekwe pembeni ya uwanja wa mpira ili kisiwaumize wanaocheza soka, na nyavu za kuzuia mpira usipotelee mashambani. Vifaa vikishapatikana, kazi ngumu ni mwalimu. Shule za vijijini hubadilisha walimu mara kwa mara, na mwalimu mmoja akihamishwa mchezo huhama naye. Kwa hiyo wafundishwe wawili kila shule, na mmoja wao awe mwenyeji wa pale.