Ukungu wa Viazi Ndio Ukungu wa Nyanya

Mara nyingi wakati wa mvua ya masika mkulima huleta ofisini majani ya viazi yaliyokauka, akasema, "Yamechomwa na baridi." Yafaa kutazama vizuri kwanza. Baridi ya barafu huchoma shamba usiku mmoja, hasa mabondeni. Ukungu huanza kwa madoa machache kama yaliyolowa maji, kisha huwa ya kahawia au meusi. Geuza jani asubuhi kabla umande haujakauka: ukiona ukingoni mwa doa kitu cheupe kama unga, huo ni ukungu, nao waweza kumaliza shamba kwa siku kumi tu.

Ndio ulioharibu viazi vya Ireland tangu mwaka 1845, watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Hapa Kenya ulionekana mwaka 1941.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ugonjwa huo huo hushika nyanya pia. Shina huwa jeusi, na tunda hupata mabaka magumu ya kahawia. Kwa hiyo si vema kupanda nyanya kando ya viazi. Mbegu za ukungu ni ndogo kama vumbi, nazo huchukuliwa na upepo na matone ya mvua. Je, mvua ikiisha hulala wapi? Ndani ya viazi vibovu vilivyotupwa nyuma ya jikoni, na katika vile vilivyosahauliwa ardhini vikachipua vyenyewe. Ving'oe, uvifukie chini sana. Mtu hununua dawa ya bei kubwa, na huku lundo lake linamharibia yeye na jirani.

Dawa ya kukinga haiponyi jani lililokwisha oza. Nyunyiza mapema, chini ya majani pia, urudie kama karatasi ya dawa inavyoagiza, na kabla ya kuchuma nyanya uhesabu siku zilizoandikwa hapo. Shangi hupendwa sokoni kwa kuwa hukomaa na kuiva upesi, lakini hushikwa kwa urahisi. Tigoni na Asante huvumilia zaidi, ingawa nazo si salama kabisa.

Viazi vikikomaa, kata mashina uyaondoe shambani, ungoje kama majuma mawili ndipo uchimbe. Ukichimba majani yangali na ugonjwa, viazi huuchukua mpaka ghalani, na mbegu ya msimu ujao huozea ndani ya gunia.