Kuchoma Ndizi, Mboga na Matunda Nyumbani: Faida na Hadhari Zake



Ukitaja kuchoma hapa Chita, wengi hufikiria nyama au samaki. Lakini bonde letu la Kilombero, kuanzia Ifakara hadi huku chini ya milima ya Udzungwa, Allah (s.w.t.) amelijaalia ndizi, mahindi, muhogo, viazi vitamu, bilinganya, nyanya, maembe na mananasi, na vyote hivyo huchomeka. Mama mwenye jiko moja la mkaa na kipande cha wavu anaweza kufuturisha watoto wake kwa vitu hivyo bila kununua mafuta ya kukaangia. Makala hii inaeleza namna ya kuchoma vizuri, na pia inataja mambo mawili ambayo yasipojulikana futari inaweza kugeuka msiba.

Tuanze na moto wenyewe. Watoto wengi huweka chakula wakati ndimi za moto bado zinapanda. Hapo nje huungua na ndani hubaki kibichi, kwa sababu joto huchukua muda kupenya hadi katikati. Subiri makaa yavae jivu jeupe. Kisha weka kiganja chako juu ya wavu, umbali wa shubiri moja, uhesabu taratibu. Ukilazimika kuondoa mkono kabla ya kufika tatu, moto ni mkali mno kwa ndizi, ingawa kwa nanasi unafaa. Ukifika tano, weka chakula. Moto uwashwe kwa magunzi makavu au vifuu vya nazi. Kuwashia plastiki au mbao zilizopakwa rangi ni kosa, maana moshi wake una sumu na huganda kwenye chakula.

Ndizi mbichi humenywa kwanza, ikageuzwa mara kwa mara mpaka iwe na rangi ya dhahabu na ukiibonyeza ilegee. Mzuzu ulioiva uchomwe na ganda lake. Ganda likiwa jeusi na kupasuka, ndani tayari. Kwa mahindi, bonyeza punje kwa ukucha: yakitoka maji meupe kama maziwa, hayo ndiyo ya kuchoma. Yakiwa magumu, mbebe mwenzio kwenda mashineni. Viazi vitamu havitaki wavu kabisa. Vifukie kwenye jivu la moto pembeni mwa makaa, uende ukaswali, utavikuta vimeiva.

Bilinganya ndiyo inayodharauliwa zaidi, nami naona hapo tunajinyima. Itoboe kwa uma sehemu tatu au nne, kwani ina maji mengi na mvuke ukikosa njia utaipasua. Iweke nzima juu ya makaa na uigeuze mpaka ganda linyauke na yenyewe ilegee kama mfuko. Menya, ponda, tia chumvi, ndimu na kitunguu saumu. Watu wa Sham huongeza ufuta uliosagwa, na ufuta kwetu si kitu cha kutafuta mbali. Nyanya na pilipili hoho zikichomwa hivyo hivyo hadi ganda litoke, hufanya kachumbari tamu kuliko ile ya kila siku.

Matunda yanataka haraka. Kata nanasi vipande vya unene wa kidole, paka mafuta kidogo sana ili visishike wavu, choma dakika mbili au tatu kila upande. Maji hupungua, sukari hubaki na kubadilika rangi, na ukali unapoa. Embe liwe limeanza tu kuiva, maana lililoiva sana litadondokea motoni. Mimi naliona nanasi la kuchoma ni bora kuliko soda wakati wa futari, ingawa wanafunzi wangu wakubwa hawajakubaliana nami.

Kuchoma hakumwagi maji ya mboga, hivyo vitamini ambazo zingepotelea kwenye maji ya kuchemshia hubaki kwa kiasi. Ila tusipende weusi. Mwaka 2002 wataalamu wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikipata joto kali hutengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi, ambayo imeonekana kuleta saratani kwa wanyama wa maabara. Ndizi au kiazi kikiungua, kwangua.

Sasa jambo la kwanza kati ya yale mawili: muhogo. Muhogo mtamu, ukimenywa na kuchomwa, hauna tatizo. Mchungu una kitu ambacho tumboni hutoa sumu ya sianidi, na moto wa jikoni hauiondoi. Muhogo mchungu hupungua sumu kwa kumenywa, kulowekwa siku kadhaa mpaka ulainike, kisha kuanikwa na kutwangwa. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilayani Tarime kulizuka ugonjwa wa konzo, ambao hupoozesha miguu ghafla na hauna tiba. Watafiti waliuhusisha na muhogo mchungu ambao haukutayarishwa vya kutosha. Kwa hiyo mtoto asing'oe muhogo kwenye shamba asilolijua akauchoma. Mbali ya kuwa ni mali ya mtu, hajui ni wa aina gani. Na kipande chochote kikiwa kichungu mdomoni, kitemwe hapo hapo.

La pili ni hatari zaidi, nalo huja na masika. Mvua ikinyesha, jiko huingizwa ndani, mlango ukafungwa, na baada ya kula makaa yakaachwa yapashe chumba joto. Makaa hayo, hata yasipotoa moshi, hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ikivutwa, hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko hewa ya oksijeni, na mwili hukosa hewa huku mtu anapumua. Huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Aliyelala hazioni dalili hizo kabisa. Ibn Umar (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuacha moto ukiwaka majumbani wakati wa kulala, na Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim.

Basi chomeeni uani, au barazani penye paa na pande zilizo wazi. Mkimkuta mtu amelegea chumbani mwenye jiko, fungueni milango, mtoeni nje kwenye hewa, mumpeleke hospitali hata akisema amepata nafuu. Makaa yanayobaki yamwagiwe maji huko huko nje. Yakianikwa juani yatawaka tena kesho.