NYANYA NA WAJUKUU WADOGO HUKO MUNDIKA

Kila siku alfajiri, jua lisijachomoza, wanawake wengi wa Mundika na vijiji vya jirani hutoka majumbani mwao wakielekea Busia mjini ili wawahi soko na mpaka. Huyu amechukua mayai, yule ndizi, mwingine nafaka au samaki wakavu. Na wako wavukao hadi upande wa Uganda wakanunue bidhaa huko na kurudi nazo jioni. Huko Malaba, kwa ndugu zetu Wateso, mambo ni yale yale. Mpaka huu umewalisha watu kwa muda mrefu. Hata hilo neno bodaboda, litumikalo sasa katika Afrika ya Mashariki nzima, husemwa kwamba lilizaliwa hapa Busia katika miaka ya 1960, wakati vijana walipokuwa wakipakia watu kwenye baiskeli kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili.

Basi mama akiisha kuondoka, ni nani abakiye na watoto? Katika nyumba nyingi jibu ni moja tu: ni nyanya, ambaye Wakhayo humwita kukhu. Mara nyingi hapewi mtoto mmoja. Hupewa watatu kwa pamoja: mmoja wa miezi minane, mmoja wa miaka miwili, na mmoja wa miaka minne asiyejaa bado umri wa shule. Na pakizaliwa mapacha, Mukhwana na Mulongo, kisha Khisa akawafuata upesi, nyanya huyo huwa na kazi isiyo na mwisho mchana wala usiku.

Watu watasema kwamba jambo hili si geni, kwani nyanya wamelea wajukuu tangu zamani. Ni kweli, lakini yafaa tukumbuke kwamba nyanya wa zamani hakuwa peke yake. Alikuwa na mjukuu mkubwa, msichana wa miaka saba au minane, ambaye ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni tangu asubuhi huku nyanya akilima au kupika. Tangu Januari 2003, Serikali ya Kenya ilipoondoa karo katika shule za msingi, msichana huyo yuko darasani, na hakuna mtu mwenye akili atakaye arudi nyumbani. Lakini mikono ile miwili midogo imeondoka, na kazi yake haikuondoka. Nani ameichukua? Ni kukhu. Nadhani jambo hili halikufikiriwa vya kutosha na sisi tulioshangilia shule zilipojaa.

Tena kulikuwa na miaka mibaya ya ukimwi. Katika miaka ya 1990 na miaka iliyofuata, wazee wengi wa sehemu za Busia waliwazika watoto wao wenyewe wakaachiwa wajukuu. Kenya ilitangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa mwaka 1999, na mwaka 2006 dawa zake zikaanza kutolewa bure katika hospitali za Serikali. Leo wazazi wengi wanaotumia dawa hizo wanaishi na kufanya kazi, na nyanya wengi wa Mundika wanalea kwa sababu mama yuko sokoni, si kwa sababu amekufa. Hiyo ni tofauti kubwa, nasi hatuna budi kuifurahia.

Wataalamu wa ng'ambo nao wamelichunguza jambo hili, na waliyoyaona yastahili kuelezwa. Bibi mmoja wa Marekani, Kristen Hawkes, pamoja na wenzake, waliishi na Wahadza walio karibu na Ziwa Eyasi, Tanganyika ya zamani, yaani Tanzania Bara. Wahadza hula wanyama wa porini, asali, matunda na mizizi. Wataalamu hao waliwapima watoto uzito na kuhesabu saa ambazo wanawake walitumia kuchimba mizizi. Waliona kwamba mama asiye na mtoto mchanga akichimba sana, watoto wake hunenepa. Lakini akiisha kujifungua tena, kunenepa kwa yule mtoto aliyeachishwa ziwa kulifuata bidii ya nyanya, si ya mama. Vile vile huko Gambia, Afrika ya Magharibi, daktari mmoja aitwaye Ian McGregor alianza mwaka 1950 kuandika habari za kila mtoto katika vijiji kadhaa: kuzaliwa, uzito, kuugua na kufa. Miaka mingi baadaye, mwaka 2000, wataalamu walizichambua karatasi zake, wakaona kwamba mtoto mwenye nyanya mzaa mama aliye hai alikuwa na nafasi bora ya kupona utoto wake, hasa katika umri ule wa kuachishwa ziwa.

Umri huo ndio ninaotaka tuutazame, kwa kuwa ndio umri ambao mtoto huhamia mikononi mwa nyanya. Mama amepata mimba nyingine, au amerudi sokoni. Mtoto ameacha ziwa, naye hapewi tena chakula chake mwenyewe, bali hula katika sahani moja na wakubwa. Hapo ndipo wengi hukonda na nywele zao kugeuka rangi. Uji wa mhogo mtupu hujaza tumbo lakini haujengi mwili. Bahati nzuri, vyakula vijengavyo mwili viko hapa hapa kwetu: omena waliokaushwa vema na kusagwa, njugu, maharagwe, simsim, yai moja, maziwa kidogo. Nyanya atie kijiko cha unga wa omena au njugu katika uji wa wimbi, na kila mtoto apewe bakuli lake. Bakuli la peke yake si anasa. Katika sahani ya pamoja, mwenye miaka minne hula upesi, na mwenye mwaka mmoja hubaki akilamba vidole, wala hakuna ajuaye kwamba hakushiba.

Kuhusu mtoto aliye chini ya miezi sita, pana ugomvi katika nyumba nyingi, nami napenda kuueleza ili pasiwe na lawama bure. Mama mzazi hurudi kutoka kliniki akisema kwamba mtoto asipewe kitu cho chote ila maziwa ya mama, hata maji. Nyanya husikia hayo akacheka, au akakasirika, na kusema, “Wewe nilikulea kwa maji na uji, mbona hukufa?” Ukweli ni kwamba shauri la miezi sita kamili lilikubaliwa na Shirika la Afya la Ulimwengu mwaka 2001. Kabla ya hapo, shauri lilikuwa kwamba vyakula vingine vianze kati ya miezi minne na sita. Basi nyanya aliyelea watoto wake katika miaka ya 1980 hakuwa mjinga. Alifuata aliyoambiwa na wauguzi wa siku zile, nao walifuata elimu ya wakati wao. Elimu imeendelea: imeonekana wazi kwamba maji na uji wa mapema huleta maradhi ya kuhara. Mwanamke kijana akimweleza mama mkwe wake hivyo, kwa adabu na si kwa majivuno ya kusoma, mara nyingi atasikilizwa. Na kama mama hana budi kutoka, aweza kukamua maziwa yake katika chombo safi chenye kifuniko, kikawekwa mahali pa baridi, na nyanya amnyweshe mtoto kwa kikombe baada ya saa chache. Kikombe ni bora kuliko chupa, maana husafishika kwa urahisi.

Sasa tuje kwenye malaria, adui mkubwa wa watoto katika nchi hii ya karibu na Ziwa Viktoria. Nyanya mwenye wajukuu watatu huwa na kitanda kimoja na pengine chandarua kimoja. Mtoto mchanga hulala chandaruani pamoja naye, na wale wawili hulala chini juu ya mkeka, wakiwa chakula cha mbu. Chandarua kimoja hutosha watu wawili. Basi vyandarua vinapogawanywa, nyanya awataje wajukuu wote walalao kwake, hata ikiwa wameandikwa kwa baba yao, na chandarua cha pili kitundikwe juu ya mkeka na kukunjwa chini yake.

Mtoto akipata homa, asingojewe mama arudi jioni. Mtoto mdogo aweza kuwa mzima asubuhi na kuwa mahututi usiku. Apelekwe zahanati, au aitwe mhudumu wa afya wa kijijini. Mwaka 2023 Serikali iliwapa wahudumu wa namna hiyo wapatao 100,000 nchini Kenya mifuko ya vifaa vya kazi. Huchomwa kidole, damu ikapimwa, na ikiwa ni malaria, hupewa vidonge vya kumeza asubuhi na jioni kwa siku tatu. Hapa ndipo nyanya wenye huruma hukosea. Mtoto akipata nafuu siku ya pili, vidonge vilivyobaki huwekwa akiba, na mdogo wake akiugua mwezi ujao hupewa hivyo. Matokeo yake, wa kwanza hakupona sawasawa, na wa pili amepewa dawa pungufu iliyopimwa kwa uzito wa mtu mwingine. Dawa ya mtoto mmoja ni ya mtoto huyo, nayo sharti imalizike.

Iko pia chanjo ya malaria. Kenya ilianza kuitoa mwaka 2019, katika kaunti za magharibi, na Busia ni mojawapo. Tangu mwanzo ilipangwa kuchomwa mara nne: miezi 6, miezi 7, miezi 9, na mara ya mwisho mtoto akitimiza miezi 24. Sindano zile za kwanza hazisahauliki sana, kwa kuwa mama yungali na mtoto mgongoni. Ile ya nne ndiyo hupotea. Wakati huo mama yuko Malaba au Nairobi, na kitabu cha kliniki kimo ndani ya mkoba wake! Nyanya hajui tarehe, wala muuguzi hajui ni sindano gani zilizokwisha kuchomwa. Kwa hiyo kitabu cha mtoto kikae mahali alipo mtoto, si mahali alipo mama. Nyanya asiyejua kusoma amwombe mjukuu aliye shuleni amsomee tarehe, naye aihesabu kwa siku za soko.

Nyumba ya mzee haikupangwa kwa ajili ya watoto wachanga, nasi hulisahau jambo hilo. Mtungi wa maji uko wazi sakafuni. Mafuta ya taa yamo katika chupa ya soda. Vidonge vya nyanya vya shinikizo la damu, vyekundu na vyeupe kama peremende, viko chini ya mto. Mtoto wa miaka miwili hufikia vyote hivyo kwa muda wa kufumba na kufumbua. Kazi ya saa moja, siku mama aliponyumbani, yatosha kuvipandisha juu na kuufunika mtungi.

Na babu je? Wanaume wengine hudhani kwamba kushika mtoto ni kujivunjia heshima. Mimi nililelewa na babu kwa sehemu kubwa, wala sikumbuki heshima yake ikipungua. Watu walikuja kwake kwa mashauri hali mimi niko magotini pake. Babu asiyeweza tena kulima aweza kukaa na wale wakubwa wawili kuanzia saa kumi jioni hadi chakula kiive. Ndiyo saa ambayo moto unawaka, maji yanachemka, mtoto mchanga analia, na ajali nyingi za kuungua hutokea.

Yabaki mambo ya fedha na karatasi. Tangu mwaka 2018 Serikali ya Kenya huwapa wazee waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa mpango uitwao Inua Jamii, na aliyejiandikisha sharti awe na kitambulisho. Lakini nyanya wengi wa Mundika wana miaka 45 au 50 tu. Bado wanalima, na hawamo katika mpango huo. Msaada wao wa pekee ni ule uletwao na mama wa watoto kutoka sokoni, nao mara nyingi hukadiriwa vibaya: sabuni na nusu kilo ya sukari, kana kwamba watoto watatu hawali mchana. Ni afadhali mama na nyanya waketi na kupatana mapema ni kiasi gani kitakachotolewa kila juma, na ni siku gani nyanya atakayopumzika au kwenda kliniki kwa ajili ya mwili wake mwenyewe. Kupatana hivyo baina ya mtu na mama yake si aibu.

Kuhusu cheti cha kuzaliwa, kiandikishwe kabla mtoto hajatimiza miezi sita. Baada ya hapo safari huwa nyingi zaidi. Watu wa mpakani wana taabu yao ya ziada, kwani mtoto aliyezaliwa hospitalini Tororo ameandikwa upande wa Uganda, naye nyanya aliye Mundika hawezi kumwombea karatasi hizo siku ya kumpeleka shule. Mama akimwacha mtoto huyo kwa nyanya, amwachie na karatasi yake ya hospitali, pamoja na namba ya simu ambayo nyanya aweza kuipiga mchana.