Kilima cha takataka na mtu aliyeruka

Bandugu batumikaji, sisi wa Lubumbashi tunajua terili yetu: mlima uliotoka mu jasho la baba zetu. Kule Berlin pia takataka za kazi zilifanya kilima, na mtu akaruka kutoka juu yake.

Mwaka 1894, Lichterfelde, Mjerumani Otto Lilienthal alijengesha kilima cha mita 15 kwa udongo uliotupwa na kiwanda cha matofali. Watu walijaa kuangalia. Anajitia kati ya mabawa ya miti na kitambaa, kilo 20 hivi, anakimbia kuelekea upepo, miguu inaacha udongo. Ananing'inia kwa mikono, anatupa miguu huku na huku ili ashike njia. Mita 50, mita 80, basi amefika chini. Anabeba mabawa, anapanda tena.

Patenti yake ya kwanza ilikuwa ya mashine ya mgodi. Na mu kiwanda chake, tangu 1890, batumikaji walipata robo ya faida. Robo! Mapatroni wasome mara mbili.

Hatari aliijua. Mbele ya chombo alifunga upinde wa mti wa kupokea pigo. Siku moja ulimwokoa. Lakini tarehe 9 Agosti 1896, kule Gollenberg, upepo ulimsimamisha hewani, akaanguka, shingo ikavunjika. Kesho yake akafa, miaka 48.

Mara 2.000 na zaidi aliruka, akarudi nyumbani. Sisi benye kushuka shimoni tunajua ile hesabu: jana haimlindi mtu leo. Kila asubuhi tuangalie kamba, kofia na paa la shimo.