Mguu Uliovunjika Shanghai

Ukimwona Shioda Gozo, mwalimu wa aikido, sanaa ya mapigano ya Kijapani, katika filamu za zamani, kwanza unamwonea huruma. Kimo chake hakifiki mita 1.60, mwili mwembamba, na mbele yake vijana wenye afya wanasubiri zamu ya kumvamia. Kisha wanaanza kuanguka, mmoja baada ya mwingine, naye anatabasamu.

Nilikuwa nazitazama filamu hizo nikitafuta kitu kimoja: teke. Nilitaka kujua mtu wa aikido hufanya nini mguu unapokuja. Nikaona ngumi, visu, kushikwa mkono, kushikwa kola, kuvamiwa na wawili kwa mpigo. Mateke ilibidi niyatafute kwa tochi. Kwangu mimi niliyekulia kwenye vibanda vya video, ambako Bruce Lee hakumaliza ugomvi bila kurusha mguu, hilo lilinikera kidogo.

Sababu yake si siri. Ueshiba Morihei, mwasisi wa aikido aliyezaliwa mwaka 1883, alilelewa katika mapokeo ya upanga. Alikutana na mwalimu wake, Takeda Sokaku, kisiwani Hokkaido mwaka 1915, na mengi katika mafunzo hayo yalimfikiria adui mwenye chuma. Ndiyo maana mpaka leo mwanafunzi hushikwa kifundo cha mkono, pale pale ambapo ungemkamata mtu asichomoe upanga wake. Kumrushia teke mwenye upanga ni kumkabidhi mguu aukate. Karate na mateke yake ilivuka kutoka Okinawa na kuonyeshwa Tokyo na Funakoshi Gichin mwaka 1922, Ueshiba akiwa anakaribia miaka 40.

Shioda aliingia kwa Ueshiba mwaka 1932, akiwa kijana mdogo, akakaa naye miaka mingi ya mazoezi. Ila teke ambalo hakulisahau halikurushwa ukumbini. Lilirushwa baa.

Anasimulia mwenyewe katika kitabu chake, Aikido Shugyo. Ilikuwa Julai 1941, mjini Shanghai, katika mtaa wa Wafaransa. Alikuwa na mwenzake, mdogo wake wa masomo, wakagombana na genge la mjini. Mmoja wa genge alimjia kwa teke. Shioda anasema alisogea pembeni tu, akaugonga ule mguu kwa mkono, wala hakutumia nguvu ya kutajika. Mguu ukavunjika. Wa pili alivunjwa mkono kwenye kiwiko. Wa tatu alipigwa ngumi ya tumbo, akaishia hapo.

Nimekuwa nikilirudia lile teke, na mwalimu yeyote wa mkekani anaweza kukuonyesha lilivyowezekana. Teke la mbele, ambalo Wajapani huliita maegeri, halina nguvu goti likiwa bado limekunjwa. Nguvu yake iko mwishoni, unyayo unapofika. Ukirudi nyuma umelipa nafasi ya kufika, na kwa kuwa mguu ni mrefu kuliko mkono, la pili litakukuta hapo hapo. Ukiinama kulidaka kwa mikono miwili, uso wako umebaki wazi, na mpigaji mwenye ujuzi huwa ameshaurudisha mguu kabla vidole havijafunga. Kilichobaki ni kwenda mbele: kuingia kwa mshazari, upande wa nje wa mguu unaopiga, ambako ngumi yake nyingine haikufikii. Hapo unakuwa karibu na mgongo wake, naye amesimama kwa mguu mmoja, mwingine uko hewani umenyooka. Goti ni bawaba, linakwenda mbele na nyuma. Ukiligonga kwa ubavuni likiwa limenyooka, uzito wote wa mwenye teke unafanya kazi dhidi yake. Shioda hakuhitaji kuwa na nguvu. Yule mtu alikuja nazo.

Na hapa ndipo ninapokwama. Sifa kubwa ya aikido ni kwamba humwangusha mtu bila kumwumiza. Ukimshika mkono na kumzungusha, ana miguu miwili ya kukufuata nayo; anajikunja, anabingirika, anainuka. Anayepiga teke hana hiyo nafasi. Mguu mmoja uko mikononi mwako, na uliobaki hauwezi kupiga hatua. Ukimwinua kidogo tu, anakwenda chini kwa kisogo. Hata mazoezini, juu ya mkeka, anguko la mtu aliyedakwa mguu linaogopwa kuliko mengi, na nadhani hofu hiyo inachangia uhaba wa mateke madarasani kuliko tunavyokiri, mbali na ule urithi wa upanga. Upole wa aikido unataka anayeshambulia awe na nyayo zote mbili chini.

Shioda hakujifanya halijui hilo. Alikuwa akisema amelisikia kwa Ueshiba mwenyewe kwamba katika pigano la kweli, asilimia 70 ni mapigo na 30 ndiyo kutupa. Kauli hiyo huwatia tumbo joto wanaoipenda aikido kama sala ya amani. Yeye aliibeba bila aibu, akaanzisha shule yake, Yoshinkan, mwaka 1955, ikajulikana kwa ukali wake na kwa kuwafunza polisi wa Tokyo. Mwaka 1962 mwanasiasa wa Marekani Robert Kennedy alipomtembelea, Shioda alimbana chini mlinzi wa mgeni huyo, jitu lililomzidi kwa kila kipimo. Mlinzi aliinuka mzima. Mlinzi huyo hakuwa amerusha teke.

Nampenda mzee huyu, siwezi kuficha. Lakini usiku ule wa Shanghai aliuita ndio mwanga wake, siku alipoielewa aikido, na akaandika kwamba hakuna anayeijua kweli mpaka aitumie pale uhai unapokuwa hatarini. Tukumbuke mwaka wenyewe. Mji wote wa Wachina pale ulikuwa chini ya jeshi la Japani tangu 1937. Mtaa wa Wafaransa ulikuwa kisiwa tu katikati ya mji uliotekwa. Waliovunjwa viungo walikuwa wahuni wa baa, labda. Au walikuwa watu ambao walikuwa na sababu yao ya kumchukia Mjapani yeyote aliyeingia kunywa. Masimulizi tuliyo nayo ni ya mshindi.

Je, mkono ule ungeweza kuugonga mguu chini zaidi, penye nyama, mtu akaanguka bila kuvunjika? Kwa mwendo wa teke, mpigwaji hana muda wa kuchagua, na wenzake walikuwa bado wanakuja. Labda ule ndio ulikuwa upole wote uliowezekana usiku ule. Na yule mwenye teke, kama mfupa uliunga, alitembeaje baada ya pale?