Panga za Japani na Mikuki ya Buhaya

Yamkini katika nyumba ya mzee mmoja huko Ijumbi, wilaya ya Muleba, uko mkuki wa kale. Umesimamishwa pembeni, haufanyi kazi tena, na kengee yake, yaani bapa lake la chuma, imefunikwa na kutu nyeusi. Mjukuu mwenye bidii akiuona, aweza kutwaa mchanga na msasa akausugua hata ung'ae kama fedha. Atafurahi na kudhani kuwa amefanya kazi njema. Kumbe amefuta maandiko yasiyoweza kuandikwa tena.

Neno hili ni la ajabu, maana watu wengi huiona kutu kuwa uchafu tu. Lakini mtu ajuaye vitu vya kale huisoma kama kitabu. Ili kulifahamu jambo hili vema, yafaa kwanza kutazama nchi ya mbali, ndiyo Japani, kwa sababu huko elimu ya kutambua silaha za kale imekuzwa kwa karne nyingi. Kisha kurudi Buhaya.

Upanga wa kale wa Wajapani si kama upanga wa kufyekea majani. Ulikuwa silaha ya watu wa vita walioitwa samurai, nao ni mrefu, umepindika kidogo, na una makali upande mmoja tu. Chuma chake kilitoka katika mchanga mweusi. Mafundi walijenga tanuru la udongo, wakatia mchanga huo pamoja na makaa, wakavukuta moto usiku na mchana kwa siku 3. Mwisho walilivunja tanuru, wakatoa bonge la chuma na kuchagua vipande vilivyo bora. Mhunzi aliviunga vipande hivyo motoni, akavifua, akakunja chuma, akakifua tena, akakikunja tena. Kila mara matabaka yaliongezeka maradufu: chuma kilichokunjwa mara 10 kina matabaka 1,024. Hivyo taka zilitoka, na chuma kikawa cha namna moja mahali pote.

Upanga ulipokwisha kufuliwa, mhunzi aliupaka udongo, mwingi mgongoni na kidogo tu kwenye makali. Akautia motoni hata ukawa mwekundu, akautumbukiza katika maji. Makali yalipoa upesi yakawa magumu sana. Mgongo ulipoa polepole ukabaki laini kidogo, ili upanga usivunjike kwa pigo. Mahali sehemu hizo mbili zikutanapo huonekana mstari mweupe, mara nyingi mfano wa mawimbi ya ziwa. Mstari huo ni alama moja kubwa ya kazi ya mkono. Wadanganyifu huuiga kwa dawa kali, lakini mstari wa namna hiyo uko juu juu tu, nao haumdanganyi mtu mwenye macho mazoevu.

Alama nyingine imefichwa. Mpini ukitolewa, waonekana msuka, yaani sehemu ya upanga iingiayo ndani ya mpini. Hapo ndipo wahunzi wengi walipochora majina yao, na mara nyingine jina la mji na mwaka. Walakini jina peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa sababu tangu zamani wako watu waliochora majina ya wahunzi mashuhuri juu ya kazi za wengine ili wapate bei kubwa. Tena panga nyingine ndefu zilikatwa msuka ili zifupishwe, na jina likapotea.

Basi mjuzi hutazama kutu. Kutu ya msuka wa kale ni nyeusi au ya kahawia nzito, nayo imeshikamana na chuma. Kutu ya juzi ni nyekundu na hupukutika. Jina lililochorwa jana juu ya msuka wa kale hujitambulisha, maana ndani ya michoro yake mna kutu changa, au hamna kutu kabisa. Kwa hiyo kengee ya upanga hutunzwa isipate kutu, tena hupakwa mafuta mepesi yenye karafuu. Lakini msuka hausuguliwi kamwe. Mtu ausuguaye amemwua shahidi wake.

Vifaa vya upanga pia vina thamani. Kati ya mpini na kengee huwekwa kisahani cha chuma cha kukinga mkono, kiitwacho tsuba. Kina tundu la kupitisha msuka, na mafundi walikipamba kwa ndege, maua na mawimbi, wakitumia hata shaba na dhahabu. Wako watu wakusanyao vifaa hivyo peke yake.

Elimu hii yote ilikuwa karibu kupotea. Mwaka 1876 serikali ya Japani ilikataza watu wasichukue panga hadharani, isipokuwa askari na wachache wengine, na wahunzi wengi wakakosa kazi. Tena mwaka 1945, nchi hiyo iliposhindwa vitani, watu waliamriwa kutoa silaha zao. Panga nyingi ziliharibiwa, na nyingine zilichukuliwa na askari hata ng'ambo. Katika hizo, nyingine zilikuwa kazi za wahunzi wa kale, na nyingine zilikuwa za kiwandani, zilizofanyizwa upesi kwa ajili ya vita. Zilifanana kwa nje; asiyejua kusoma msuka hakuweza kuzitenga. Mwaka 1948 kiliundwa chama cha kuzihifadhi zile zenye ufundi wa kweli.

Sasa yafaa kurudi Buhaya. Wahunzi wa kale wa Buhaya nao walikuwa mabingwa, lakini hawakuandika majina yao juu ya chuma. Basi ni nani atakayewashuhudia? Mashahidi wao ni watatu: alama za mkono katika chuma chenyewe, mahali kilipookotwa, na habari wazijuazo wazee.

Nguvu ya mashahidi hao ilionekana Katuruka, katika wilaya ya Bukoba. Wazee wa huko walisimulia ya kwamba mfalme Rugomora Mahe aliwaagiza wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, nao ukaanguka. Walionyesha na mahali penyewe, penye mti mkubwa uitwao Kaiija, maana yake mahali pa kufulia chuma. Mtaalamu mmoja kutoka Marekani, jina lake Peter Schmidt, aliwasikiliza, akachimba hapo mwaka 1970. Alikuta mabaki ya kazi ya chuma, na makaa yaliyopimwa yakaonyesha umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mfalme huyo hukisiwa kuwa aliishi katika karne ya 17. Kumbe ukumbusho wa mahali ulikuwa wa kale kuliko mfalme mwenyewe! Hata Kemondo, ambapo msafiri atokaye Muleba kwenda mjini Bukoba hupita, yalichimbuliwa mabaki ya matanuru ya kale sana.

Kazi ya kuyeyusha chuma ilikoma Buhaya wakati majembe ya bei nafuu yalipoletwa kutoka Ulaya. Lakini mwaka 1976 wazee walioifanya kazi hiyo ujanani waliombwa waionyeshe tena. Walichimba shimo, wakatia ndani yake majani ya kinamasi yaliyochomwa, wakajenga tanuru juu yake kwa udongo wa kichuguu, wakaingiza mabomba ya udongo, wakavukuta kwa mivukuto. Haikuwa rahisi, maana miaka mingi ilikuwa imepita. Walakini chuma kilipatikana. Mwaka uliofuata, 1977, Wajapani nao waliwasha upya tanuru lao la kale katika jimbo la Shimane, wapate chuma cha panga. Mataifa mawili yaliyo mbalimbali yalikimbilia kwa wazee wao karibu wakati mmoja, kabla ujuzi haujashuka kaburini pamoja nao.

Je, mkuki wa kale hutambulikanaje? Kwanza, yafaa kutazama tundu la chuma liingialo uti. Mhunzi wa zamani alilifua chuma likawa bapa, akalikunja kuzunguka uti. Kwa hiyo ufa wa mkunjo waonekana ubavuni. Pili, kazi ya nyundo haiwi sawasawa kabisa: upande mmoja ni mnene kidogo kuliko wa pili, na alama za mapigo zaonekana. Tatu, chuma cha tanuru la udongo mara nyingi kina mistari na chembe za mavi ya chuma ndani yake. Chuma cha kiwanda ni cha namna moja. Walakini umbo peke yake halitoshi, kwa maana wahunzi wa siku za baadaye walifua mikuki ya umbo lile lile kwa vyuma vya magari mabovu. Ndiyo sababu hapana budi kuuliza: ulikuwa wa nani? Uliokotwa wapi? Ulitumika kwa vita, kwa mawindo, au kwa heshima ya mfalme? Maana si kila mkuki ulikuwa wa kupigana. Mwaka 1876 msafiri Stanley alionyeshwa hazina ya mfalme Rumanyika wa Karagwe, akaona humo mikuki ya ufundi mkubwa, mingine hata uti wake ni wa chuma, pamoja na sanamu za ng'ombe za madini. Vitu hivyo vilikuwa alama za ufalme.

Mkuki uliouzwa sokoni bila habari zake ni kama mtoto aliyepotea asiyejua jina la baba yake. Tena sheria yalinda vitu hivi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza mtu kuchimbua vitu vya kale bila kibali, au kuvipeleka nje ya Tanzania bila ruhusa. Na kitu kilichofanyizwa kabla ya mwaka 1863 chahesabiwa kuwa cha kale kwa sheria hiyo.

Basi yule mjukuu wa Ijumbi afanye nini? Auache mkuki na kutu yake. Auweke mahali pakavu, mbali na moshi na matone ya mvua. Kisha atwae, si msasa, bali daftari na kalamu, aketi karibu na babu yake, amwulize habari za mkuki na kuziandika pamoja na tarehe. Kutu itangoja miaka mingi. Babu hatangoja hivyo.

MASWALI

1. Kwa nini msuka wa upanga wa Wajapani hausuguliwi?
2. Chuma kikikunjwa mara 12, kitakuwa na matabaka mangapi?
3. Taja mashahidi watatu wa kazi za wahunzi wa Buhaya.
4. Ni jambo gani lililofanyika Buhaya mwaka 1976 na Japani mwaka 1977?
5. Mwulize mzee mmoja wa kwenu habari za kitu cha chuma cha zamani, uziandike kwa mistari 10.