Beji ya juu ni ya kijana mwenyewe

Wazazi wengi wa Kunduchi wenye kijana skauti wanaijua hali hii. Alipokuwa Kidato cha Kwanza aliamka alfajiri kupiga pasi shati la khaki na kukunja skafu. Kufika Kidato cha Tatu, sare inaning'inia msumarini, na ile ngazi ya juu aliyokuwa akiiimba kila siku haitajwi tena. Nyumbani jibu huwa la haraka: mtoto amekuwa mvivu.

Mara nyingi si uvivu. Jumamosi yake imemezwa na tuisheni, maana mtihani wa Kidato cha Nne unamsubiri. Kambi inataka mchango na nauli. Wenzake mtaani wanamcheka. Halafu ngazi zenyewe zimebadilika. Za mwanzo zilikuwa za mafundo na huduma ya kwanza, mambo ambayo kijana huyashika kwa mikono yake na kuyaona yamekamilika. Za juu humtaka aongoze watu, kwa miezi, bila matunda kuonekana upesi. Kule Marekani, beji ya Eagle, ambayo ndiyo ya juu kabisa katika skauti, hudai beji za ujuzi 21 pamoja na mradi wa kijamii ambao kijana anaupanga na kuuongoza yeye, yote kabla hajafikisha miaka 18.

Hapo ndipo mzazi mwenye nia njema huahidi simu mpya kijana akiipata beji. Ahadi hiyo ina hatari yake. Mwaka 1973 watafiti Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilowafanyia watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti wakichora, wengine walipewa cheti bila kutarajia, na wengine hawakupewa kitu. Siku zilipopita, walioahidiwa walichora kwa takriban nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupungukiwa na hamu. Kijana wa miaka 16 si mtoto wa chekechea, lakini naamini onyo hilo linamfaa: zawadi iliyotangulizwa humfundisha kwamba kazi yenyewe haina utamu.

Chukua mfano wa mradi ulio karibu. Kunduchi kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyowahi kupambwa kwa bakuli za kaure. Tuseme kijana anataka kikosi chake kisafishe njia ya kuyafikia. Eneo la kale haliguswi ovyo, kwa hiyo ataandika barua ya kuomba kibali, apitie kwa mwenyekiti wa mtaa, arudishwe kwa sababu hakuweka tarehe, aandike upya. Baba akimpigia mwenyekiti simu, shughuli inaisha kwa dakika tano, na papo hapo mradi umekuwa wa baba. Barua ile iliyorudishwa ndiyo shule yenyewe. Kazi ya mzazi hapo ni kuuliza, “Mwanangu, kesho utamwambia nini?” kisha kumsikiliza mpaka amalize.

Nauli ya kambi ni jambo jingine. Hiyo mzazi aitoe akiweza, bila masimango, kwa sababu hakuna tabia inayojengwa kwa kumkosesha kijana kambi.

Kuna dawa nyingine ambayo viongozi wa skauti wanaijua vizuri: kumkabidhi wadogo. Kwenye kambi ya kwanza ya Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, wavulana waligawanywa makundi manne na kila kundi likaongozwa na mvulana mwenzao. Kijana aliyechoka kufundishwa mara nyingi huamka anapofundisha. Watoto wa darasa la tano wakimsubiri awaonyeshe fundo la kufungia mtumbwi, hatahitaji kusukumwa atoke kitandani.

Na akiomba kupumzika mpaka mitihani ipite, akubaliwe. Wakae na kiongozi wake wapange lini atarudi na ataanzia wapi, tarehe aiandike yeye mwenyewe kwenye daftari lake. Katikati ya hapo, sare ifuliwe kama kawaida, na nyumbani asiulizwe kila wiki.